Tangi la Maziwa la Akina Mama wa Kuresoi

Mke wa kijana wangu ni fundi wa welding. Watu wakiniuliza kama sioni aibu, nawauliza kama wao huona aibu wakila nyama Kikopey, kwa maana meza za chuma za mabucha kadhaa kule ni kazi ya mikono yake.

Alikuwa ameandikwa kazi na watu. Akaacha, akafungua karakana yake Lanet, pale Nakuru, akaleta mashine ya leza. Wakati huo kikundi chetu cha akina mama wa Kuresoi kilitaka tangi la maziwa. Wengi walisema tununue Nairobi. Mimi nikasema litengenezwe na yeye. Mwenyekiti wetu akanijibu mbele ya wote, "Sawa, mama. Lakini likivuja tone moja, tunaenda Nairobi, na wewe usitupigie kelele."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake kubwa ya kwanza. Ikiharibika, Kuresoi yote ingejua kabla ya ng'ombe kukamuliwa tena. Nikashuka Lanet kukaa naye mpaka imalizike. Hakuniita. Nilienda tu.

Leza si ile welding ya cheche tuliyozoea. Ni sanduku lenye bomba refu, na mwishoni kuna kitu cha kushika mkononi kama bunduki. Hapo hutoka mwanga mwembamba kama ncha ya sindano, unayeyusha kingo mbili za chuma mpaka zinashikana. Gesi inapuliza papo hapo ili hewa isichafue mshono. Moto ni wa mahali padogo na unapita haraka, kwa hivyo bati jembamba halijikunji kama chapati iliyosahaulika jikoni. Tena mshono unatoka laini. Mshono wenye matuta huficha maziwa, yanaoza humo, na kesho yake lita zote zinamwagwa.

Mwanga wenyewe huuoni, lakini ukigonga chuma kinachong'aa ukarudi kwako, macho yamekwisha. Kuna miwani maalum ya kuuzuia. Fundi wa kukata mabati, mwanamume mwenye upara, alikuja na kioo chake cheusi cha welding ya zamani.

"Mathe, hiki nimetumia tangu nikiwa na nywele," akaniambia.

"Ndiyo maana huoni vile umekata hilo bati," nikamwambia. "Vaa miwani ama utoke."

Akavaa. Lakini bati kweli alikuwa amelikata kwa grenda na kwa jicho, akiacha nafasi kidogo kila mahali, vile mafundi wetu wote hufanya, kwa sababu wanajua rodi ya welding itayeyuka ijaze. Mashine yetu haikuwa na rodi ya kujaza. Mke wa kijana wangu alipoanza kuchomelea, mwanga ukapita kwenye ile nafasi kama jua kwenye ufa wa mlango, na kingo zikarudi nyuma badala ya kushikana. Akazima mashine. Akakaa juu ya ndoo.

"Utalia ama utakata upya?" nikamuuliza.

"Nafikiria, Mama."

"Fikiria ukisimama."

Akasimama. Akapeleka mabati mjini kwa mwenye mashine ya kukata inayonyoosha ukingo, akarudi nayo, akafuta mafuta yote kwa kitambaa, akabana kingo pamoja. Nikapitisha ukucha wangu kwenye kiungo chote. Ulipokwama nikamwambia hapana.

"Mama, hapo ukucha umeingia kwa sababu ni mrefu."

"Basi kaza mpaka usiingie."

Akakaza. Safari hii mwanga ukapita juu ya kiungo, ukaacha mstari mmoja laini kama upindo wa shuka.

Siku ya akina mama kuja kuliangalia, mvua ya mawe ilinyesha Nakuru, halafu jua likatoka kali. Tukajaza tangi kwa maji ya pipa la nje, barafu bado ikielea. Nikapaka unga wa mahindi nje ya mishono, ili mahali penye tundu paonekane. Kabla hatujamaliza chai, unga ulikuwa umelowa.

Mwenyekiti akaweka kikombe chini. "Nairobi," akasema.

Mke wa kijana wangu akalikaribia tangi. Kisha akainama, akaangalia vizuri. "Tundu hulowesha mahali pamoja," akasema. "Hapa pamelowa kote, hata katikati ya bati ambapo sijachomelea. Hili tangi linatoka jasho, kama soda kutoka kwa friji."

"Chuma kikatoka jasho?" mwenyekiti akauliza. "Kimelima wapi?"

Wakacheka, lakini hakuna aliyeamini. Tukamwaga yale maji, tukakausha, tukajaza mengine yaliyopashwa moto kidogo, nikapaka unga mpya. Tukala viazi tukingoja. Unga ukabaki mkavu kabisa. Mwenyekiti akapitisha kidole kwenye mishono yote, halafu maji yalipomwagwa akaingiza kichwa ndani, akanusa kama tunavyonusa kibuyu cha maziwa lala ya mursik, akatoka.

"Lipandisheni kwa gari," akasema.

Kiti cha mbele kwa umri ni changu. Siku hiyo nilimwambia mke wa kijana wangu akae yeye, mimi nikapanda nyuma na akina mama. Fundi wa tangi hapandi na mizigo.