Chupi za Bitana

Fundi huyu wa magauni ya harusi hakuwa mtu wa kutupa kitambaa. Bitana iliyobaki, kile kitambaa laini cha ndani kinachong'aa, aliigeuza chupi. Zake mwenyewe, na shangazi yake akagawiwa.

"Kwa nje fundi, kwa ndani bibi harusi!" alijisifu, na wifi yake waliyeshona naye chumba kimoja akacheka mpaka akajichoma sindano.

Mimba ikaingia, ya kwanza, baada ya kusubiriwa hadi watu wakachoka kuuliza. Tumbo lilipokuwa kubwa, jamani, muwasho nao ukaanza. Fundi anakaa, anasimama, anajipindapinda kama kiti kina kunguni.

"We wifi, una nini leo?"

"Niache." Kisha akashusha sauti. "Kunawasha huko chini. Na uchafu mweupe, mzito kama mtindi. Naogopa, wifi. Asije akadhurika huyu."

Wifi hakucheka. Ila kuficha siri hakuwezi. Jioni shangazi akaingia na kifurushi, kitunguu saumu na chupa ya siki.

"Hizo fangasi, mwanangu. Kitunguu unakiweka ndani, siki unajioshea. Vitu vya asili, havina madhara."

"Shangazi, mbona umeleta viungo vya mchuzi?" wifi akadakia.

"Nyamaza wewe, mdomo kama cherehani!"

Fundi akamenya punje moja. Vidole vikawaka moto. Akaviangalia, akawaza: kama kidole kinalia hivi, huko je?

"Shangazi yangu, kesho nimuulize mkunga kwanza. Akikubali, nitaweka hata gunia."

Kliniki, mkunga aliposikia habari ya gunia alicheka, kisha akampima.

"Ni fangasi kweli, wajawazito wengi huwapata. Mtoto hana shida, msikie anavyopiga mateke. Lakini kitunguu na siki visiguse huko, vitakuunguza. Mtindi usio na sukari kula ukipenda, kwa mdomo tu, na usiuite dawa. Dawa ni hivi vidonge vya kuweka ukeni. Vya kumeza usijinunulie dukani. Kuosha, maji matupu, kwa nje."

Macho yake yakaangukia kitini, kwenye chupi inayong'aa aliyoivua fundi.

"Na hii?"

"Bitana, mkunga."

"Mama, unashinda umekaa siku nzima juu ya hiyo? Inafuga joto na jasho, fangasi wanastarehe. Ukitaka cha asili, vaa pamba."

Fundi alimaliza dozi yote. Muwasho ukaaga. Siku moja akashona gauni zima bila kunyanyuka, huku mtoto akimpiga mateke naye akimjibu kwa kumpapasa, shuka jeupe la pamba likisubiri mkasi mezani, ligeuke chupi mpya.

Shangazi akasimama mlangoni, akakohoa, akainua mikono.

"Haya, nipime na mimi, unishonee hizo za pamba. Ila kiuno usikitaje kwa sauti, huyo wifi yako anasikia."