Rimu ya Kushoto na Rimu ya Kulia

Mume wangu hawezi kutofautisha madera yangu mawili. Moja ni la zambarau lenye maua makubwa, jingine ni la kijani lenye vipepeo, na nikivaa lolote kati ya hayo huniuliza kama hilo si lile la jana. Lakini mume huyo huyo, siku moja hapa Isiolo, alisimama mbele ya rimu mbili za gari zilizotundikwa kwenye ukuta wa duka, ambazo ningeapa mbele ya kadhi kwamba ni kitu kimoja, akaniambia zinatofautiana kama mbingu na ardhi.

"Wewe angalia vizuri," alisema.

Nikaangalia vizuri. Zote mbili zilikuwa za duara, jambo lililonipa moyo. Zote zilikuwa za kijivu, zote zilikuwa na spoki tano, na kila spoki ilikuwa ikigawanyika mara mbili ilipokaribia ukingo. Nilimwambia nimeridhika, achukue yoyote twende nyumbani. Akanitazama kwa huruma, na kumbe huruma hiyo ningeishi nayo kwa muda mrefu.

Tulikuwa tumenunua gari letu la kwanza, dogo, lililozeeka kwa heshima huko Japani kabla ya kutufikia. Lilikuja na rimu za chuma na vifuniko vya plastiki juu yake. Vifuniko vilikuwa vitatu, kwa sababu cha nne kilijiondokea njiani tulipokuwa tukilileta kutoka Nairobi. Mimi sikuona shida. Gari lilikuwa linawaka, linatembea na linasimama, na kazi niliyotaka linifanyie ilikuwa moja tu.

Mama yangu anaishi upande wa Leparua. Tangu tuhamie nyumba yetu ya Kiwanjani alikuwa hajaiona hata siku moja. Bodaboda ilimwangusha mwaka fulani kwenye kokoto, akaapa hapandi tena, na magoti yake hayamfikishi barabara kubwa kwa miguu. Mama si mtu wa kuomba. Aliposikia tumepata gari aliomba kitu kimoja, kwamba lije limchukue, alale kwangu siku chache, akione chumba nilichomtengenezea. Nilimwahidi. Mume wangu naye alikubali palepale, kwa moyo mweupe kabisa.

"Lakini si na hizi rimu," aliongeza.

Lazima nieleze. Kwetu mama mkwe huheshimiwa kwa umbali. Mkwe hamtazami usoni, hali naye sahani moja, hamsemeshi moja kwa moja. Akiwa na neno hulipitisha kwa mtu mwingine, na mama mkwe akiwa na lake hufanya vivyo hivyo. Ndiyo heshima tuliyolelewa nayo na sina ugomvi nayo. Nilichokuwa sijui ni kwamba heshima hiyo, kwa hesabu za mume wangu, sasa ilihitaji rimu za inchi kumi na saba.

Tulirudi dukani na mshauri. Mshauri ni rafiki yake anayeuza miraa karibu na steji, bingwa wa magari ambaye hana hata baiskeli. Alisimama mbele ya ukuta ule huku shavu limejaa, akakunja mikono.

"Buda, hii ya kushoto iko na nati za urembo," alisema mwishowe. "Cheki hapa kwa ukingo. Hizi hazishiki kitu, ni za shoo tu."

"Na ya kulia?"

"Ya kulia haina, lakini spoki imejikunja kidogo. Hata gari ikisimama unaona ni kama inaenda."

Sikujua bado kwamba hiyo ndiyo ingekuwa kazi yote ya rimu hiyo. Wakaendelea. Ya kushoto ilikuwa na kikofia cha katikati chenye herufi nyekundu ya kampuni ambayo haikutengeneza gari letu. Ya kulia ilikuwa na kikofia kitupu, ambacho mshauri alikiita cha kiungwana. Ya kushoto ukingo wake ulisuguliwa ukang'aa. Ya kulia ukingo ulikuwa mpana zaidi kwa kiasi cha punje ya mchele, ila haung'ai. Nyuma ya kila spoki ya kulia kulikuwa na mfereji mdogo, ambao hakuna mtu angeuona isipokuwa alale chini ya gari, na kwa sababu hiyo hiyo ukahesabiwa kuwa sifa. Wakaingiza vidole kupima zimebonyea kiasi gani kuelekea katikati. Ya kulia ilibonyea zaidi kwa upana wa njiti ya kiberiti, na mume wangu akashusha pumzi kama mzazi aliyeambiwa mtoto amefaulu.

Kisha akasema atafikiria.

Alifikiria mfungo ukaja ukaisha. Picha za rimu zilijaa kwenye simu yake mpaka picha za watoto zikafutwa kupisha nafasi. Tukila, alinisukumia simu na kufunika nusu ya kioo kwa mkono. "Hii ni gani?" Nikisema kushoto, ilikuwa kulia. Nikisema kulia, aliuliza kama ninabahatisha. Nilikuwa ninabahatisha.

Mama akipiga simu, mazungumzo yetu yalikuwa mafupi.

"Gari haliumwi?"

"Haliumwi, ayyo, mama yangu. Linachaguliwa rimu."

"Rimu ni nini?"

"Ni ile ya katikati ya tairi."

"Halina?"

"Linayo. Linatafutiwa nyingine."

Mama amechagua ng'ombe, ngamia na mume, na sidhani kama wote watatu pamoja walimchukua muda wa rimu hizo. "Sawa," alisema. "Mimi niko."

Ikashinda ya kulia. Ilifungwa pamoja na tairi nyembamba, kwa sababu tairi nene, nilielezwa, inaficha uzuri wa rimu. Na kweli gari lilipendeza, nisiwe mchoyo wa sifa. Majirani walikuja kulizunguka. Jumamosi tukajitia manukato, tukaondoka kumchukua mama.

Tulifika mahali lami inapoishia. Mume wangu akasimamisha gari, akashuka, akachuchumaa, akaweka vidole kati ya ukingo wa rimu na ardhi. Viliingia viwili. Cha tatu kikakwama. Akatazama mawe yaliyokuwa mbele yetu, mawe ambayo yamekuwa pale tangu yeye aje kunichumbia.

"Hii barabara itakula rimu," alisema.

"Mama anangoja."

"Najua anangoja. Unataka nifike kwa mama mkwe na rimu zimepinda? Hiyo ni heshima gani sasa?"

Tukageuza. Nilimpigia mama nikamwambia gari lina shida kidogo, na nilisema uongo huo huku nimeketi ndani ya gari lisilo na shida yoyote. Tulikubaliana tungoje mvua ilainishe njia. Mvua ikaja, ikaleta tope, tukangoja likauke. Likauka, yakatoka mawe mapya. Wakati huo wote rimu zilikuwa zikienda ofisini kwake, msikitini, na mahali pa kuoshea magari. Nilikasirika mpaka nikaacha kuzungumza nalo, gari, na kwa siku kadhaa na mwenye gari pia.

Mama alifika adhuhuri moja bila kusema anakuja. Mume wangu alikuwa uani amepiga magoti mbele ya gurudumu, anasugua ule mfereji wa nyuma ya spoki kwa mswaki. Mswaki huo ulikuwa mpya, sisi wengine tulikuwa bado tunatumia wa zamani. Bodaboda ikasimama langoni, na aliyekuwa amekaa nyuma, macho amefumba, leso ameikaza kiunoni, kibuyu cha maziwa mgongoni, alikuwa mama yangu. Alishuka akimshika dereva bega. Miguu yake ilitetemeka, na alibaki amesimama hapo mpaka ikatulia.

Mume wangu alitupa mswaki akajificha nyuma ya buti la gari, kama heshima inavyotaka. Nilimketisha mama kivulini. Alikunywa maji, akanibariki, akaitazama nyumba yangu polepole kutoka paa mpaka kizingiti. Kisha akaligeukia gari lililokuwa mbele yake.

"Salaam aleikum, gari," alisema kwa lugha yetu. "Mimi ni mama wa huyu msichana. Nilisikia unakuja, nikakungoja. Nikasema labda umeugua. Alhamdulillahi, naona u mzima. Hata umeoga."

Nyuma ya buti kichwa cha mume wangu kikazidi kuzama. Nilicheka mpaka nikashika ukuta, halafu nikaona magoti ya mama bado yanacheza chini ya leso, na kicheko kikaniisha.

Alikaa nasi siku alizotaka. Chumba alikipenda, pazia alilikataa. Asubuhi ya kumrudisha nilimkuta mume wangu uani, jeki mkononi, anarudisha rimu za chuma na tairi zake nene. Alivirudisha vifuniko vile vitatu hivyo hivyo.

Lami iliisha na hatukusimama. Gari liliruka na kulalamika, mawe yakapiga chini, mama kiti cha nyuma akijifunika leso, mume wangu macho mbele tu. Tulikata kona ya kuelekea nyumbani kwa mama, na ghafla kelele zikakoma. Nilidhani gari limezimika. Nikachungulia nje.

Njia ilikuwa imefagiwa. Mawe yote yalikuwa yametolewa na kurundikwa kando, kulia na kushoto, mpaka mlango wa boma. Matawi ya miba yalikuwa yamekatwa, mashimo yamejazwa udongo na kukanyagwa. Ilikuwa laini kuliko uchochoro wetu wa Kiwanjani. Rimu ya kulia ingepita hapo bila mkwaruzo. Hata ya kushoto ingepita, na nati zake za urembo.

"Hapa usiogope, gari," mama alisema kutoka nyuma. "Nilisikia una miguu ya bei. Mimi na wanawake wa boma tulitoa mawe tangu ile wiki uliposema unakuja."

Nilifikiria magoti yale yakiinama kwa kila jiwe, na nilimchukia mume wangu kwa moyo wangu wote. Kisha nikamtazama. Alikuwa amesimamisha gari katikati ya njia ile safi. Mikono yake ilikuwa imeng'ang'ania usukani na machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka ndevuni. Akaweka kiganja juu ya dashibodi.

"Gari," alisema, "mwombe mama msamaha."

Mama aliirekebisha leso yake.

"Gari halina makosa," alisema.