Wali wa Balbina na Jiko la Mafuta ya Taa

Balbina aliuza wali na samaki karibu na stesheni ya Mang'ula, na utamu wa wali wake haukuwa na siri: mchele wa Kilombero, na kupalia. Maji yakikauka alitoa kuni chini ya sufuria, akafunika, akaweka makaa juu ya mfuniko, wali ukaiva taratibu kwa moto wa juu. Wali usiopaliwa kwake ulikuwa uji mzito tu.

Kasoro ilikuwa moshi. Tangu msitu wa Udzungwa uwe hifadhi, akina mama waliruhusiwa kuokota kuni kavu kwa siku maalumu, na masika kuni hizo zikilowa zilifuka kama tanuri la matofali. Macho ya Balbina yalichuruzika mchana kutwa. Mganga wa Ifakara alimwambia wazi kwamba akiendelea hivyo atapofuka. Aliogopa, wala hakuficha. Alikuwa mjane, na wali ndio uliomlisha.

Ndipo binti yake Theresia, aliyeolewa hapo hapo Mang'ula, akamletea jiko la mafuta ya taa.

"Nalo si lina moshi?"

"Kidogo tu, mama. Si safi kama umeme, lakini umeme wenyewe tunausikia kwa wenzetu wa Kidatu. Mafuta yatuvushe kwanza."

Siku ya kwanza wali ulichemka vizuri, macho makavu, Balbina anaimba. Maji yalipokauka akafanya kama alivyozoea: akaweka juu makaa aliyoomba kwa jirani, na moto wa chini akauondoa. Yaani alizima tambi, sufuria ikiwa bado jikoni. Sasa jiko la mafuta likizimwa hutoa moshi wenye harufu kali, ndiyo maana wanaolijua hulipeleka nje kwanza. Moshi wote ule ukaingia kwenye wali.

Mashimba, Msukuma wa genge la reli, alitia tonge mdomoni, akaacha kutafuna.

"Shikamoo tena, mama," akasema. "Leo umetupikia wali au umetujazia taa?"

Benchi zima likaangua kicheko. Balbina alitamani ardhi ipasuke immeze. Alipoumwaga wali ule, hata kuku waliuzunguka tu. Akalisukuma jiko uvunguni, akarudi kwenye mafiga, akawa analia kwa moshi na kwa hasira pia.

Lakini siku alipommwagia mteja mchuzi mapajani kwa kutoona sahani, kiburi kilimwisha. Akalitoa jiko. Safari hii alichemshia wali pale, kisha akaihamishia sufuria kwenye makaa machache ya mafigani, akapalia huko, na jiko akalizimia uani. Mzigo wa kuni wa wiki moja sasa ulimfikisha mwezi. Mashimba alikula, akaongeza.

Kufikia Pasaka macho yalikuwa yametulia. Theresia alikuja kumsaidia kuparua samaki, na Balbina akamtazama vizuri, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Macho ya mwanawe yalikuwa mekundu, kope zimevimba.

"Theresia, hili jiko ulilitoa wapi?"

"Mume wangu alininunulia."

"Na wewe unapikia nini?"

Theresia akainama. "Kuni, mama. Mimi bado kijana."

Balbina akaweka samaki chini. "Kuanzia leo sufuria yako itabandikwa hapa," akasema. " Mumeo akisikia njaa, aje."