Kaimu Kisima

Miaka ile ya Ujamaa, Tabora nzima ilikuwa inakaimu. Mkuu wa karakana yetu alikuwa kaimu meneja, karani wake kaimu karani. Na mimi, niliyeacha shule darasa la sita na kuifuata reli kutoka Kigoma ili tu nijue wapagazi wa misafara ya zamani walipita wapi, nilikuwa kaimu fundi kwa majaribio. Nikizijaribu vizuri pampu tano za mkono za vijiji vipya, ningepewa barua ya ajira ya kudumu na chumba mtaa wa Cheyo. Sikuwahi kuwa na chumba.

Fundi wangu, mzee wa mjini ambaye hata spana aliishika kwa bismillahi, alikuwa na utaratibu wa kuchosha. Karakana haikuwa na kisima, kwa hiyo pampu tulizijaribu juu ya pipa. Alinieleza siku ya kwanza, bila kucheka:

“Pipa hili ni kaimu kisima. Bomba hili fupi ni kaimu bomba refu. Mkono wako ni kaimu wa akina mama. Lakini ngozi haina kaimu, bwana mdogo. Kila pampu na ngozi yake.”

Ngozi ni ile duara inayobana ndani ya silinda na kuvuta maji. Ilipasa kulowekwa kwenye mafuta mpaka ilainike. Kisha, kila pampu ilipokwisha kujaribiwa, nilitakiwa kufungua kila kitu, kumwaga pipa, kukausha bomba na kuanza upya, kana kwamba pampu ya kwanza haikuwahi kuwepo. Niliona huo ni uzee tu.

Fundi alipokwenda msikitini Ijumaa, nilitumia akili. Nilichukua ngozi moja, laini kuliko zote, nikaifunga kwenye pampu ya kwanza. Maji yakaruka. Nikaihamishia ya pili, ya tatu, mpaka ya tano. Sikumwaga pipa, sikukausha bomba. Kisha nikachomoa ngozi yangu hodari, nikazifunga zote tano ngozi kavu kutoka gunia la karakana, bila kuziloweka. Fundi aliporudi alikuta vyeti vitano vya majaribio vyenye sahihi yangu. Akauliza kama kila moja ilianza upya. Nikamwambia ndiyo.

Pampu ya kwanza ilikwenda kijiji cha Choma, na mimi nikatumwa nayo. Wanakijiji walikuwa wamekwisha kufunika kisima kwa zege, wakaacha tundu la bomba tu. Mwenyekiti alisema maneno mengi juu ya kujitegemea, kisha akashika mpini. Pampu ikakohoa. Akasukuma tena. Ikakohoa tena, hewa tupu. Ng'ombe waliokuwa wameletwa kunywa walitutazama kwa adabu kuliko watu.

Nilijua dawa. Nikamwendea mama mmoja aliyekuwa mbele na ndoo.

“Shikamoo, mama. Naomba maji kidogo tuimwagie pampu iamke.”

“Marahaba, mwanangu.” Akaigeuza ndoo nione chini yake. “Tungekuwa na maji, tungekuita wewe?”

Walicheka mpaka mwenyekiti naye akashindwa kujizuia. Alipotulia akauliza ni nani aliyeijaribu. Ningeweza kulisingizia gunia. Nikasema ni mimi, kaimu fundi.

“Basi nenda kamlete fundi mwenyewe,” akasema.

Fundi alikuja kwa lori la pamba. Aliifungua pampu, akaitoa ngozi iliyokauka kama gome, akatoa mfukoni nyingine, imeshalowekwa. Maji yalitoka. Hakunisema mbele za watu. Njiani kurudi ndipo aliponiambia kwamba siku ile sikujaribu pampu tano. Nilijaribu ngozi moja mara tano, na ngozi hiyo bado iko karakana, haijafika kijiji chochote.

Nilizirudia nne zilizobaki, kila moja na ngozi yake, pipa kavu kila mara. Mbili zilikataa. Niliandika hivyo kwenye vyeti, kwa sahihi ileile.

Barua ilikuja mwisho wa mwezi. Chumba Cheyo alipewa mwingine. Mimi nilithibitishwa, kwa muhuri na yote, kuendelea kukaimu.