Vibakuli vya Jua Nilivyoving'arisha Keroka

Watu wakinicheka nacheka nao, lakini moyoni bado naona haya, na nikipita soko la Keroka mpaka leo navuta kofia chini, kwa sababu mimi ndiye yule mtu aliyefanya wazee wazima wapige magoti wakidhani jua linakufa. Na sikufanya peke yangu. Wa kulaumiwa ni Makori, aliyekuwa karani wa chifu, na Onchari, mtoto wa baba yangu mdogo, na nawataja kwa majina maana wao siku ile walirudi nyumbani wakala ugali wao vizuri, aibu wakaniachia mimi.

Miaka ya sabini ikianza nilikuwa nang'arisha vyombo vya mawe ya sabuni, yale mawe laini ya kuchongwa, kule Nyamarambe. (Darasa la tatu nililiacha katikati, kwangu mimi mikono ndiyo iliyosoma.) Kazi yangu hasa ilikuwa vibakuli, unapiga msasa na maji ndani, unakausha, unapaka nta, unasugua na kitambaa mpaka unaona meno yako. Kibakuli cheusi ndani hakina mnunuzi, hiyo nilifundishwa nikiwa mdogo. Lakini baba mkwe wangu, Mzee Ombati wa karibu na Keroka, mzee wa kanisa la Sabato, hiyo kazi hakuihesabu. Mke wangu Moraa alipoenda kumsalimia mama yake, mzee akamzuia huko huko, akasema atamwachilia siku mume wake atapata kazi ya watu, si ya kula vumbi.

Nilikaa hivyo miezi minne, najipikia, naunguza. Ndipo Makori akaniletea habari ya Bwana Alfredo, mzungu mrefu aliyepiga hema juu ya kilima kule Keroka, ana sanduku la vipimo vitakavyofungwa ndani ya chombo cha kurushwa kutoka pwani, kipite mawingu yote, kikae huko juu kikilipima jua. Alitaka kuvijaribu kwanza mahali pa juu penye hewa safi, na alitaka mlinzi. "Ukimfurahisha," Makori akaniambia, "anaenda na wewe pwani, kazi ya kudumu. Mzee Ombati atakuletea Moraa mwenyewe, tena na kuku."

Siku nne nililinda kama askari. Kila siku saa sita mchana Bwana Alfredo alifungua kifuniko, akaelekeza sanduku kwa jua, akasoma sindano, akaandika. Siku ya tano chifu akaitisha baraza pale pale ili watu waone maajabu hayo, na asubuhi Makori akaja mbio. "Nyakundi, baba mkwe wako anakuja na kanisa zima. Nisione uchafu hapa!" Bwana Alfredo alikuwa ameenda mtoni kuoga. Nikafungua kifuniko nipanguse vumbi tu (naapa, vumbi tu), nikaona vibakuli viwili, kila kimoja kinatosha yai, na ndani vyeusi ti, kama sufuria ya matanga.

Onchari alikuwa amepita kunisalimia na mfuko wake wa kazi, msasa na nta ndani, maana naye alisugua mawe kama mimi. Akachungulia, akapiga mluzi.

"Ndugu yangu, mzungu amepikia nini humu? Mzee Ombati akiona masizi haya atasema hata pwani unaenda kuosha vyombo."

"Usiguse."

"Mimi sigusi. Shika msasa."

Nikashika. Nilitaka kujaribu pembeni kidogo, lakini mtu wa vibakuli akianza pembeni hawezi kuishia pembeni, na cha kwanza kilipong'aa nikaona si haki mwenzake abaki mchafu, nikavimaliza vyote viwili, nta na kitambaa, nikajiona humo nikicheka kama mjinga. Na mjinga nilikuwa kweli.

Saa sita watu walijaa kilima. Mzee Ombati alikaa mbele kwenye kiti, na mimi nikasimama kando bila kumtazama usoni, maana kwetu kati ya mkwe na mkwe kuna chinsoni, heshima ya kuoneana haya, hata kukohoa mbele yake unafikiria. Moraa alikuwa nyuma na mama yake. Bwana Alfredo akageuza sanduku, akasoma sindano, akapiga kioo kwa kidole, akafunua daftari la jana, akakuna kichwa, akasema maneno kwa Kiingereza.

Makori, badala ya kuuliza vizuri, akapanda juu ya jiwe. "Wananchi! Mzungu anasema tangu jana nguvu ya jua imepungua zaidi ya nusu!"

Mama mmoja akapiga nduru. Mwingine akauliza kama mahindi yavunjwe mabichi. Mimi nilijua, jamani, ni ule msasa wangu, lakini nifungue mdomo mbele ya baba mkwe niseme nini? Mzee Ombati akapiga magoti, kanisa likapiga magoti, akaomba kwa sauti. "Bwana, usinikute nimeshika mke wa mtu. Leo mbele yako namrudisha Moraa kwa mume wake, na dharau yangu nimeitubu."

Hapo ndipo ningepaswa kuwa mwanaume niseme. Nilisema amina.

Bwana Alfredo akainua sanduku kuchungulia ndani, na mwanga ukaruka kutoka kwenye vile vibakuli ukampiga Mzee Ombati katikati ya kipaji cha uso. Mzee akalia, "Naja, Bwana!" Mzungu akanusa. Nta. Akauliza polepole, kwa Kiswahili chake kidogo, "Nani fanya hii?" Na Makori, yule yule aliyesema asione uchafu, akaninyooshea kidole kabla swali halijaisha. Onchari alikuwa ameshateremka kilima na mfuko wake.

Tukaelezwa kwamba ule weusi ulipakwa makusudi ulinywe joto la jua, na sindano inasoma limenywewa kiasi gani. Mimi nililifukuza jua kwa msasa. Kicheko kilianzia kwa watoto, kikafika kwa chifu. Bwana Alfredo alikunja hema siku hiyo hiyo akaenda pwani kupaka upya, bila mimi.

Mzee Ombati alijipangusa magoti taratibu. Hakuniangalia, alimwangalia binti yake. "Neno nililomwambia Mungu silirudishi. Chukua nguo zako uende. Lakini huyo mtu, usimwache peke yake na sufuria zangu mlizopewa."

Kwa hivyo mke nilipata, na baadaye binti yetu Nyaboke, na kazi ya pwani nilikosa, na Makori baadaye alipandishwa cheo. Nimeapa kwamba kitu cha mtu sikipangusi tena mpaka mwenyewe aniambie, mara mbili, mbele ya mashahidi. Sufuria zetu ni nyeusi mpaka leo, chini na pembeni. Na siku za baridi, mawingu yakitanda mpaka mchana, Moraa huchungulia mlangoni, akageuka kunitazama, akauliza, "Baba Nyaboke, umegusa nini tena?"