Kazi Niliyoifanyia Donholm

Baba alipopooza upande mmoja, nilikuwa nimeajiriwa na shirika dogo lililochapisha vijitabu vya wafugaji. Ofisi ilikuwa katikati ya Nairobi, sisi tuliishi mtaa wa Donholm. Mama alishafariki, na dada zangu walikuwa wameolewa huko Magharibi mwa Kenya. Nilipomweleza bosi kwamba baba hana mtu wa kumwinua kitandani, alikuna kidevu, kisha akasema maandishi ya ofisi sasa yalikuwa yanawekwa kwenye mtandao. Mwenye neno la siri angeweza kuyafungua akiwa popote, akayasahihisha na kuyahifadhi.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni, na saiba ya kwanza, chumba cha kukodisha kompyuta zenye mtandao, ilikuwa imefunguliwa mtaani, juu ya duka la dawa. Asubuhi nilimwogesha baba, nikamnywesha uji, nikamwacha na jirani yetu, mama mmoja mzaliwa wa Majengo, kisha nikapanda ngazi za saiba. Ukurasa ulijifungua kwa kusuasua, na laini ya simu ikikatika nilianza upya. Nilisahihisha sura ya minyoo ya mbuzi, nikahifadhi, na mwenzangu niliyekuwa nikikaa naye meza moja akaifungua kule mjini na kuongeza yake. Mara nyingine aliniandikia katikati ya sura: "Mzee anaendeleaje?" Nilimjibu papo hapo, halafu tukafuta kabla bosi hajaona.

Baba hakuamini hata kidogo.

"Umefutwa kazi," aliniambia, ulimi ukiwa mzito. "Niambie ukweli, binti yangu."

"Sijafutwa, baba. Natoka kazini sasa hivi."

"Kazi gani ya kwenda na ndara?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Ndipo akanisimulia jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Kiwanda cha mablanketi alichokitumikia kilipofungwa, aliendelea kuamka alfajiri, akavaa koti lake la kazi na kutoka. Alishinda sokoni Kiamaiko akitazama watu wakinunua mbuzi, na jioni akarudi nyumbani kama aliyechoshwa na mashine. Hakutaka mama ajue.

"Kwa hiyo usinifiche," akasema. "Najua mtu akificha anakuwaje."

Nilimwapia kwamba simfichi. Alinitazama kwa huruma tu.

Siku moja bosi akaja nyumbani. Alikaa kwenye kochi, akakataa chai, akanisifu. Alisema kazi yangu ilikuwa imewafungua macho wakubwa wake ng'ambo: kama vijitabu vinaweza kuhaririwa kutoka Donholm, vinaweza kuhaririwa kutoka kwao pia. Ofisi ya Nairobi ingefungwa. Mimi na mwenzangu tungepewa barua nzuri za kututambulisha kwingine. Nilimsindikiza hadi langoni kwa sababu sikujua la kufanya.

Niliporudi, nilimkuta baba akilia. Kitanda chake kilikuwa nyuma ya pazia, na alikuwa amesikia yote.

"Ni mimi," alisema. "Ungebaki ofisini, wasingejua kwamba inawezekana."

"Si wewe, baba. Wangefunga tu."

Tangu siku hiyo alikataa kuinuliwa. Alitaka kwenda chooni mwenyewe, na mara mbili nilimkuta sakafuni. Uji aliuonja na kuusukuma. Sasa nilikuwa nyumbani mchana kutwa, na kila aliponiona nikipita alifumba macho. Alifariki kabla ya mvua ndefu, bado akiamini kwamba maradhi yake ndiyo yaliyoninyang'anya kazi.

Mwenzangu alikuja matangani. Alikuwa ameanza kuuza nguo za watoto katika soko la Gikomba, na mikono yake ilikuwa imekauka kwa vumbi la mitumba. Alijifunga leso, akachuchumaa kando yangu uani, tukasugua sufuria za waombolezaji. Nilimngojea aitaje ofisi. Hakuitaja. Mwishowe nikauliza mimi.

"Wangefunga tu, sivyo?"

Alichota jivu, akaendelea kusugua.

"Wangefunga," alisema, bila kuinua uso.