Moshi wa Rosine Kächele

Kila asubuhi, kabla hajanawa uso, Rosine Kächele aliwasha jiko. Hakuwasha kwa ajili ya baridi wala njaa. Aliwasha ili Gottlob Schnaufer, fundi wa matandiko ya farasi na diwani wa mji, auone moshi na uchungu umpande kooni. Nyumba zao zilitazamana, barabara katikati. Gottlob alikuwa ameweka kiti dirishani kwa kazi moja tu, kutazama dohani ya Rosine, na moshi ulipofuka aliguna kwa nguvu. Rosine alidai mguno ule anausikia mpaka kwake, na kwamba unamshibisha kuliko mkate.

Mtu asiyetoka Hagelbach atasema hawa wawili walikuwa na wazimu. Hawakuwa nao. Mji wetu una mashamba yake, na raia wa mji akipewa moja hulilima mpaka kufa, yeye au mjane wake, mradi awe na moshi wake mwenyewe, yaani apike kwenye jiko lake na ale chungu chake. Siku anapoanza kula cha mwingine, moshi wake umekwisha, na shamba linarudi mjini. Hapo hupewa aliye mbele kwenye foleni. Akilikataa kwa kuwa ni baya, anarudishwa mkiani, na foleni yetu ni ndefu hivi kwamba watu wameota mvi ndani yake. Mwaka ule wa 1908, mbele alisimama Gottlob. Nyuma yake alikuwa Wilhelm Bopp, mume wa Luise, na Luise ndiye binti pekee wa Rosine.

Shamba la Rosine liliitwa Bondeni, kando ya kijito, na hapakuwa na lililolishinda. Rosine akifa, au moshi wake ukikatika, Bondeni lingekuwa la Gottlob. Lakini shamba lingine lolote likiachwa wazi kwanza, Gottlob angelazimika kuchukua hilo, na Bondeni lingemngoja Luise na mumewe. Kwa hiyo Rosine, mwenye miaka sabini na ushei na kifua kibovu, alikuwa na kazi moja duniani, asitangulie. Aliifanya kwa chuki, na wanaosema chuki haimpi mtu nguvu hawakumjua Rosine.

Wala haikuwa chuki ya bure. Alipoolewa na Christian Kächele, mwashi, Bondeni lilikuwa mawe na matete, hakuna aliyelitaka. Christian aling'oa mawe. Rosine alibeba tope la kijito kwa kikapu, mgongoni, mwaka baada ya mwaka, mpaka mgongo ukapinda ukakataa kunyooka. Mimba yake ya pili iliharibikia palepale mtaroni, na kesho yake alirudi na kikapu. Christian alipoanguka kutoka jukwaa la ujenzi kanisani, akafa, kuna waungwana waliomshauri alirudishe shamba akakae kwa binti yake. Mmoja wao alikuwa Gottlob, aliyehamia mjini akiwa mtu mzima na kununua uraia wake. Mume alikuwa hajatimiza wiki kaburini. Rosine alimmwagia maji ya kuoshea vyombo.

Tangu hapo alikuwa mwanamke wa kuepukwa. Alimwambia mke wa mchungaji kwamba kwenye kwaya anaimba kama lango linalotaka mafuta. Kila Alhamisi, baraza la mji lilipokaa, alikwenda kukaa kwenye benchi la wananchi, soksi ya kufuma mkononi, akawasahihisha madiwani kwa sauti. Nani angempenda? Hata mimi nilipokutana naye njiani nilivuka upande wa pili.

Alhamisi moja ya Novemba baraza lilikuwa limeshamaliza habari ya fahali wa mji, aliyekuwa akichechemea, na habari ya bomba la kisima, lililokuwa likivuja tangu enzi za babu zetu. Gottlob akasimama.

"Bwana Meya, Jumatatu nyumba ya mjane Kächele haikutoa moshi mpaka saa tatu asubuhi."

"Nilichelewa kuamka," Rosine alijibu kutoka benchini, bila kuinua macho kwenye soksi. "Niliota umekufa, Gottlob. Nani angependa kuamka?"

Madiwani walicheka. Meya Eberle aligonga meza. Kwetu meya huchaguliwa mara moja kwa maisha yake yote, kwa hiyo Eberle hakuwa na haja ya kupendwa na mtu.

"Mama Kächele, hapa si sokoni."

"Najua, Bwana Meya. Sokoni kuna adabu."

"Anapelekewa chakula na binti yake!" Gottlob alipaza sauti. "Nimemwona Luise na bakuli, kwa macho yangu haya!"

"Lile lilikuwa bakuli la haja ndogo, Bwana Diwani. Alikuwa anatoka nalo. Ukilitaka, kesho nitakuletea wewe."

Walicheka tena, wote isipokuwa Eberle. "Sheria ni sheria," alisema. "Siku moja nzima bila moshi, shamba linarudi mjini. Tarishi wa baraza atapita kila asubuhi kuangalia."

"Atapita kila nyumba?" Rosine aliuliza.

"Kila nyumba inayolalamikiwa."

Rosine akarudi kwenye soksi yake, akafumua mstari mzima alioukosea.

Januari kifua kilimbana. Alikohoa mpaka akaona nyota mchana. Luise alikuja na blanketi na machozi.

"Mama, twende kwetu. Kuna joto, kuna kitanda. Wilhelm mwenyewe amesema."

"Nikija kwako nakuja na nini? Mikono mitupu?"

"Njoo na roho yako tu."

"Roho yangu haioti viazi, Luise. Sogeza kitanda dirishani, halafu uende, tarishi asije akakuta unakoroga chungu changu."

Luise alisogeza kitanda, akaenda zake analia. Kila alfajiri Rosine alitambaa kwa magoti mpaka jikoni. Juu ya kuni alitupia majani makavu aliyoyalowesha makusudi, ili moshi utoke mzito, wa kuonekana mpaka mji wa pili. Chumba kilijaa, macho yalimwaka, kikohozi kikazidi. Moshi uliokuwa ukililinda shamba ndio uliokuwa ukimuua, na alilijua hilo. Akirudi kitandani alitazama ng'ambo, kwenye kile kiti, na akimwona Gottlob amenuna alisinzia kidogo.

Ni kitanda kile cha dirishani kilichomfungua macho. Adhuhuri moja alimwona Gottlob anatoka na chungu kilichofungwa kitambaa, akikikumbatia kwa mikono miwili, anatembea polepole juu ya barafu. Gottlob, ambaye mkewe alipokuwa mgonjwa alimwambia aache kujidekeza! Akashuka kichochoroni, akaingia kwa mzee Jakob Mögle. Kesho yake vilevile. Na kesho kutwa.

Jakob alikuwa mkongwe kuliko wote mjini. Shamba lake liliitwa Nundu ya Mbuzi, mlimani, mawe na michongoma, hata mbuzi mwenyewe alipita hapo kwa haraka.

"Ni supu ya nyama," Luise alieleza alipoulizwa. "Na matofali ya moto ya kumwekea mzee miguuni. Mikono ya mzee inatetemeka, nusura achome godoro, basi tangu Krismasi Bwana Schnaufer amelizima jiko kabisa. Watu wanasema Mungu amemgusa."

"Mungu hamgusi Gottlob. Anaogopa kuchafuka." Halafu Rosine akainua kichwa. "Jiko limezimwa, umesema?"

Alijivuta, akapangusa kioo. Juu ya paa la Jakob theluji ilikuwa imelala vizuri mpaka mdomoni mwa dohani, haijayeyuka hata kidogo. Hakuna aliyewahi kuitazama dohani ile, kwa kuwa hakuna aliyelitaka shamba lake. Rosine akaelewa. Gottlob hakuwa akimlisha mzee kwa huruma. Alikuwa akimzuia asife kabla ya Rosine, ili Nundu ya Mbuzi lisiachwe wazi kwanza. Mchimba kisima huingia mwenyewe: kwa kumlisha alikuwa ameuzima moshi wa mzee.

Rosine alicheka mpaka akatema damu kwenye leso. Halafu akamkumbuka Jakob mwenyewe. Siku Christian alipoanguka kutoka jukwaani, Jakob ndiye aliyembeba mgongoni mpaka nyumbani, hakumngoja mtu wa machela. Rosine alilifikiria jambo hilo kwa muda wa kufunga kitambaa cha kichwa. Alipomaliza fundo alikuwa ameshaacha kulifikiria.

Alhamisi alikwenda barazani, ameegemea bega la Luise, hakubeba soksi.

"Nalalamikia nyumba," alisema, kabla hata fahali hajatajwa. "Nyumba ya Jakob Mögle. Haijatoa moshi tangu Krismasi."

Uso wa Gottlob ulibadilika rangi. "Huyu mwanamke hana haya! Mzee wa watu, mgonjwa!"

"Mimi nilikuwa mgonjwa pia, Gottlob. Mbona mimi hukuniletea supu?"

"Nampelekea kwa upendo wa Kikristo!"

"Basi umependa mpaka ukala shamba lake. Mwiteni mwenyewe, muulizeni."

Tarishi alimleta Jakob kwa kiti, amefunikwa mablanketi ya Gottlob. Mzee alitabasamu kwa kila mtu. Alifurahi kuitwa, maana tangu lini baraza lilimhitaji?

"Mzee Mögle," Eberle alisema, "unapika mwenyewe?"

"Nipike nini tena, Bwana Meya? Gottlob ananipikia. Supu ya mifupa, na Jumapili tambi za mayai. Ananipoozea kwanza." Akamgeukia Gottlob. "Si kweli, Gottlob? Waambie."

Gottlob akageukia dirisha. Meya akasema sheria ni sheria. Nundu ya Mbuzi limerudi mjini. Diwani Schnaufer ni wa kwanza kwenye foleni: je, analichukua, au anakwenda mkiani?

Hapo ndipo roho ya Rosine ilipokuwa mkononi. Kama Gottlob angekataa, Wilhelm angekabidhiwa mawe yale, na Bondeni lingekwenda kwa mtu wa tatu. Lakini alikuwa amekaa mkabala na mtu huyu miaka mingi, na alijua Gottlob hawezi kuacha kitu cha bure kipite, hata kiwe ugonjwa.

"Nalichukua," alisema Gottlob, na alimtazama Rosine kwa jicho la kuua.

"Hongera, Bwana Diwani," alisema Rosine. "Ukipata mbuzi, uwafunge kamba."

Jioni ile aliuacha moto wake uzimike. Alihamia kwa Luise, akalala kwenye kitanda chenye joto, na kwa mara ya kwanza tangu Christian afe hakuamka alfajiri. Bondeni sasa lilikuwa la damu yake, afe leo au kesho. Kikohozi kikapungua. Alipopata nguvu ya kutembea alipika supu ya dengu, akatia kipande cha soseji, akaipeleka kwa Jakob. Hakusema kwa nini, na Luise hakumwuliza.

Nyumba ya mzee ilikuwa baridi kuliko nje. Matofali yalikuwa miguuni pake, yamepoa. Gottlob hakuwa amekanyaga pale tangu Alhamisi, na mablanketi alikuwa ameshayachukua.

"Nimekuletea supu, Jakob."

"Iweke nje, Rosine."

"Usiwe mtoto. Kula. Yule mtu alikuwa anakuchezea, mzee wangu. Hakukupenda. Alikuwa anataka shamba langu tu."

"Unaniona mjinga?" Jakob alisema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha Rosine. "Nilijua tangu chungu cha kwanza. Gottlob anipende mimi, kwa sura ipi? Lakini kila siku kulikuwa na mtu mmoja Hagelbach aliyefungua mlango huu akiomba Mungu anikute hai. Aliniuliza nimelalaje. Alisikiliza kifua changu kwa sikio lake. Miaka kumi na zaidi hakuna aliyeniuliza nimelalaje. Wewe je, ulikuja?"

Rosine alifunua chungu, mvuke ukatoka.

"Nilimbeba Christian," Jakob alisema.

"Najua."

"Alikuwa mzito."

"Najua, Jakob."

"Basi iweke nje. Na mlango uufunge, baridi inaingia."

Alifunga mlango. Alisimama kichochoroni na chungu mikononi, akainua macho juu ya paa, kwenye ile dohani yenye theluji, akaitazama mpaka supu ikapoa.